Ukimya wa Sebule ya Mama

Mama yangu alimkataa Koplo mara nne kabla hajamtia machoni. Mara ya kwanza nilikuwa nimemtaja tu, nikieleza kwa nini nimechelewa kutoka kazini. Mara ya pili ni kwa namna nilivyomtaja. Mara ya tatu nilijitetea, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Ya nne nadhani alinikuta natabasamu peke yangu nikiosha vyombo.

"Mimi nimeshaolewa na mwanajeshi mmoja," alisema, "na huyo mmoja anatosha ukoo mzima."

"Mama, si mwanajeshi tena. Anatengeneza filamu."

"Ndiyo mbaya zaidi. Mwanajeshi asiye na kazi."

"Filamu ni kazi. Hata mimi ndiyo inayonilisha."

"Wewe unahariri harusi za watu. Harusi zipo kila wiki. Yeye anahariri nini?"

Kwa hiyo Alhamisi ile, zikiwa zimebaki siku mbili Koplo asafiri, nilipomwona Mama huyo huyo akimfungulia mlango mchana kweupe, nilijipongeza kimoyomoyo. Nilikuwa nimembembeleza wiki tatu. Koplo alikuwa anamalizia filamu yake ya kwanza ndefu, ya wanawake walioishi na sare za jeshi ndani ya nyumba: waliozifua, waliozishona vifungo, waliozikunja. Alishawarekodi watano. Wa sita nilimtaja mimi kwa kiherehere changu: mama yangu mzazi, aliyempigia Baba pasi kwa miaka kumi na tisa.

Mama alikubali kwa masharti. Mikono tu, uso wake hapana. Maswali ya pasi tu, ya marehemu Baba hapana. Na mimi nisikae karibu na huyo kijana.

Huyo kijana alikuwa na miaka thelathini na minane na mvi mbili ambazo nilikuwa nazijua zilipo.

Alikuja studio kwetu miezi minane nyuma, na begi la kijani lililojaa kadi za kamera. Jeshini kazi yake ilikuwa kupiga picha madaraja yaliyobomoka ili wakubwa waandike ripoti, na kati ya daraja na daraja akawa anawapiga picha wenzake wakifua soksi, wakinyoana, wakilala midomo wazi. Mlipuko ukamchukulia sikio la kushoto. Jeshi likampa barua ya shukrani, akarudi uraiani, akalinda mlango wa duka kubwa, akanunua kamera iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu. Nilipofungua kazi yake ya mwanzo nilicheka. Kila picha ilipigwa kutoka nyuma ya kitu: ubavuni mwa mlango, nyuma ya gari, chini ya meza.

"Koplo," nikamwambia, "kwa nini unapiga picha umejificha? Hawa watu hawana bunduki. Sogea."

Hakucheka. Aliaga, akaondoka, jioni akarudi na jibu. Aliniambia hajui kusimama mahali watu wanaweza kumwona. Aliniambia hivyo amesimama mlangoni, mkono mmoja bado umeshika kitasa.

Tangu siku hiyo akawa anakaa kushoto kwangu, ili sikio lake zima linielekee. Miezi minane tulikaa bega kwa bega mbele ya kioo cha kompyuta tukikata na kuunga. Aliniita Mhariri, kwa heshima kama vile ni cheo. Tulibishana, tulichekana, tulinywa chai kwenye kikombe kimoja kile kingine kilipovunjika na hakuna aliyekumbuka kununua kipya. Hatukuambiana neno. Siku asipokuja, nilijikuta nimekaa nusu kiti, nimemwachia nafasi mtu ambaye hayupo.

Halafu chuo cha filamu, nchi ya mbali, kikamwandikia kwamba kimempokea. Miaka miwili. Nilifurahi mpaka nikaruka, kisha nikaenda chooni nikalia.

Juma lililotangulia, kwenye ngazi za studio, alisimama daraja moja chini yangu ili macho yetu yalingane. "Mhariri," alisema. "Utanisubiri?"

Nikamwambia ngazi zimelowa, aangalie asiteleze.

Msinicheke. Nimelelewa na mwanamke aliyesubiri. Neno lile lilinitia baridi, na bado kila usiku tangu hapo nilikuwa nalijibu ndiyo, nikiwa peke yangu, mahali asipoweza kunisikia. Jumamosi asubuhi ndege yake ilikuwa inaondoka. Alikuwa anangoja jibu, na mimi sikuwa nalo.

"Shikamoo, Mama," Koplo alisema pale mlangoni.

"Marahaba. Viatu vinavyong'aa hivyo ni kwa ajili yangu, au ndiyo mazoea?"

"Ni mazoea, Mama. Lakini leo nimezidisha."

Mama alikohoa. Namjua, alikuwa anaficha kicheko.

Koplo alisimamisha kamera mbele ya meza ya kupigia pasi, ambapo Mama alikuwa ametandika shati, akaishusha mpaka ikaona mikono tu. Kando ya chupa ya maji ya kunyunyizia, iliyotobolewa kizibo, akaweka kinasa sauti kidogo. Kamera ilichukua picha na kile kidude kikachukua sauti, ndivyo tulivyofanya siku zote. Akavaa hedifoni. Mimi nilikaa mbali kama nilivyoagizwa, kwenye kiti cha karibu na dirisha, na nikaitazama mikono ya Mama kana kwamba sijawahi kuiona. Pete yake ilikuwa imezungushiwa uzi kwa ndani isimtoke kidoleni.

"Unaanza na nini, Mama?"

"Wewe ungeanza na nini?"

"Kola."

"Nani alikufundisha?"

"Sajenti mmoja mwenye mdomo mchafu."

"Mdomo wake shauri yake, ila kazi aliijua. Kola, halafu mabega, halafu mikono. Huu mstari wa mkono unauanzia juu, unauteremsha bila kuinua pasi. Ukiinua, unavunjika." Alinyunyiza maji, pasi ikafuka mvuke. "Mgongo mwisho. Mtu akiwa anakuja, mgongo hauonekani."

"Na akiwa anaondoka?"

Pasi ikasimama. Nilimwona Koplo anajutia swali lake.

"Akiwa anaondoka," Mama alisema taratibu, "unachobaki nacho ni mgongo. Kwa hiyo mimi nilikuwa naurudia mara mbili." Akainua pasi kabla haijaunguza. "Haya, uliza ya pasi."

Walikwenda hivyo kwa muda wa karibu saa mbili. Alimfundisha kuzungusha pasi kandokando ya kifungo bila kuacha alama, akampa shati lingine alikunje, akamkosoa namna anavyokunja mikono yake, akamnyang'anya amwonyeshe. Koplo aliuliza kwa sauti ile yake ya chini, akisubiri kila jibu mpaka likamilike, asimkatize hata mara moja. Kuna wakati Mama alisahau kumwita "wewe askari" akamwita "baba". Nikaanza kujidanganya kwamba mambo yamenyooka.

Hapo ndipo lilipotokea kosa, na nilieleze mimi, maana ni langu.

Kila chumba kina kimya chake. Friji inanguruma kwa mbali, saa ya ukutani inagonga, barabara inapumua nje. Ukikata maneno ya mtu kwenye filamu bila kuwa na kimya cha chumba kile kile cha kuzibia, msikilizaji anahisi shimo. Kwa hiyo ukimaliza kurekodi, unawaomba wote waliopo wanyamaze dakika moja, unakirekodi kimya chenyewe. Koplo alikuwa analisahau jambo hili kila siku, na kila siku nilimfokea. Nilimfokea mpaka akajiandikia kwenye mkanda wa kamera.

"Mama, nakuomba kitu kimoja cha mwisho," alisema. "Tukae kimya wote dakika moja. Nirekodi ukimya wa chumba."

"Ukimya?"

"Dakika moja tu."

Mama alichomoa pasi, akafuta mikono, akakaa. Koplo akainua kidole, akakishusha. Tukanyamaza.

Katika kazi yetu, wakati huo unatazama sakafu, kwa sababu watu wakitazamana hucheka. Mimi sikutazama sakafu. Niliinua macho na kumkuta ananitazama, na hakuna kati yetu aliyeona kichekesho. Miezi minane tulikuwa tumetazama kioo, pamoja, upande mmoja. Sasa tulikuwa tumeelekeana na hapakuwa na kazi ya kujificha nyuma yake. Niliziona zile mvi mbili. Niliona kovu dogo chini ya sikio, ambalo nilikuwa nikijizuia kuligusa tangu mwezi wa kwanza. Nilimtamani mpaka mikono ikaniuma. Nilitaka kuvuka zile hatua nne za zulia la Mama, niweke kichwa changu pale shingo inapokutana na bega, nisiseme kitu, na Jumamosi isifike. Macho yake yakajaa maji na hakuyaondoa kwangu. Saa ilikuwa inagonga. Sijui tulikuwa tumefika sekunde ya ngapi.

"Basi," Mama alisema.

Koplo alishtuka.

"Nimesema basi. Yatosha." Mama alikuwa amesimama. Alikuwa ametutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na ameelewa kila kitu. "Mnakuja nyumbani kwangu kurekodi ukimya? Humu? Mngeniuliza, ningewapa wa magunia."

"Mama..." nilianza.

"Nyamaza. Wewe ulimwita baba yako mpole. Mtaa mzima ulimwita mpole. Wanawake wenzangu waliniambia nimebahatika, mume hana kelele." Mikono yake, ile aliyokubali ionekane, ilikuwa imeikamata meza. "Alirudi akakaa kwenye kochi lile. Asubuhi namwuliza, umelalaje? Sawa. Chakula? Sawa. Unaumwa? Sawa. Nikivaa gauni jipya, sawa. Mama yangu alipofariki nikaja kumwambia, akaniambia pole, akageukia ukutani. Hakunipiga, hakunitukana, hakuwa na mwanamke mwingine. Ningekwenda kumshtaki kwa nani, na kwa kosa gani?"

Sikujua. Nilikuwa mtu mzima ndani ya nyumba ile ile na sikujua.

"Nilimsubiri miaka kumi na tisa aende na kurudi," Mama alisema. "Halafu nikamsubiri miaka kumi mingine akiwa amekaa hapo hapo mbele yangu. Na huyo hakurudi mpaka nilipomzika."

Alikaa. Alijifuta uso kwa lile shati lililonyooshwa. Kisha macho yake yakaangukia kinasa sauti, na ile taa yake nyekundu.

"Hicho kinarekodi?"

"Ndiyo, Mama," Koplo alisema.

"Yote?"

"Yote."

"Nilisema ya pasi tu."

Koplo alivua hedifoni. Alizima kinasa sauti, akafungua kifuniko chake, akaitoa kadi na kuiweka mbele ya Mama. "Ni yako. Siwezi kuondoka na kitu ambacho hukunipa."

Mhariri aliye ndani yangu nusura apige ukunga. Kwenye kadi ile kulikuwa na saa mbili za Mama, kola na mabega na mgongo unaorudiwa mara mbili. Ilikuwa sauti bora kuliko zote alizowahi kuchukua, na bila hiyo filamu yake ingekwenda chuoni ikiwa na mikono isiyosema. Alijua hivyo kuliko mimi. Hata hivyo aliisukuma kadi kwa ncha ya kidole mpaka ikagusa mkono wa Mama.

Mama hakuichukua. Alikuwa anamtazama yeye.

"Na wewe?" aliuliza. "Wewe ulirudi?"

Koplo aliitazama ile kadi. Niliogopa. Nilimjua anavyoweza kunyamaza.

"Mwaka mzima sikurudi," alisema hatimaye. "Nilikaa kwa dada yangu, kwenye mlango wa nyuma. Dada alikuwa ananiita kwa kupiga kelele, akidhani masikio yote mawili yamekufa. Nilikuwa nasikia, Mama. Sijibu tu."

"Halafu?"

"Halafu nikapata kamera. Ukimpiga mtu picha lazima umwulize jina, umwulize anafanya nini. Ukimwuliza, naye anakuuliza. Nikaanza hivyo, kidogo kidogo. Nikafika studio, huyu hapa akaniuliza swali moja tu, nikazunguka mji mzima nikiogopa kulijibu. Jioni nikarudi nikamjibu. Ananiuliza kila siku. Sijaacha kumjibu."

"Unampenda?"

"Nampenda, Mama. Yeye bado sijamwambia."

"Mimi nipo hapa," nikasema.

"Najua upo," alisema bila kugeuka. "Nikigeuka nitashindwa."

Mama alishusha pumzi. "Na umemwomba nini?"

"Anisubiri."

"Akasema?"

"Akasema ngazi zimelowa."

Mama alinigeukia polepole. Sijawahi kuona haya namna ile tangu nizaliwe. "Ngazi," alisema. "Mtu anakupa moyo wake, wewe unamwambia habari za ngazi. Halafu mimi nalaumu wanaume kwa kunyamaza. Mjibu. Sasa hivi, mbele yangu."

Nilisimama.

"Sitakusubiri, Koplo," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa amri na kuielewa. Akainama na kuanza kuzungusha waya wa hedifoni mkononi, vizuri, mzunguko kwa mzunguko, na mimi nikabaki naitazama mikono yake badala ya kuendelea.

"Wewe askari!" Mama aliita. "Acha waya. Kasema hatakusubiri, kasema hakutaki? Nyie mnasikia nusu ya amri mnaanza kutembea. Na wewe, toa iliyobaki."

Nikatoa. "Sitakusubiri kwa sababu sitaki kukaa miaka miwili nikitazama mlango. Nitafanya kazi zangu. Nitavaa, nitatoka, nitacheka na watu. Na kila siku utanipigia, uniambie ulichokiona siku hiyo. Kikiwa kibaya uniambie. Ukiwa huna la kuniambia, uniambie huna. Nikizidiwa nitapanda ndege nikufuate, sitakuomba ruhusa. Nakupenda. Nimekupenda tangu uliposhika kitasa cha mlango wetu ukaniambia unaogopa kuonekana. Lakini kusubiri, hapana. Siwezi na sitaki."

Waya ulimdondoka. Aligeuka sasa, na uso wake ulikuwa wazi kabisa, hakuna alichojificha nyuma yake.

Mama aliokota kadi mezani. Aliigeuza mara mbili, akashangaa udogo wake, akaja kuniwekea mimi kiganjani.

"Ya pasi mtie yote," alisema. "Ile ya mwisho... nitafikiria. Nikikubali, mtaniita kwanza niisikie mwenyewe." Akajitengeneza kitambaa cha kichwa. "Sijasema nimemkubali huyu. Nimesema sijamkataa mara ya tano. Sasa nakwenda kuchemsha chai. Na mnaongea mpaka maji yachemke. Nikisikia kimya, narudi na pasi."

Akaenda jikoni, akauacha mlango wazi makusudi.

Tukabaki. Jumamosi ilikuwa imesimama pale chumbani nasi, naiona. Alivuka zile hatua nne yeye, akanishika mikono yote miwili.

"Anza wewe," alisema.

"Hapana, wewe."

"Naogopa nitarudi nikukute umezoea kutokuwepo kwangu."

"Naogopa utanipigia siku moja uniambie sawa." Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. "Nitakukumbuka mpaka niugue. Nitakaa nusu kiti, Koplo. Miaka miwili, nusu kiti."

"Sema tena."

"Nitakukumbuka mpaka niugue."

Koplo aliinyanyua mikono yangu, akaibana kifuani kwake, nami nikauegemeza uso pale nilipokuwa nimepatamani muda wote, na kwa kitambo kidogo hakuna aliyesema kitu.

"Siwasikii!" Mama aliita kutoka jikoni.

Koplo, ambaye miezi minane sikuwahi kumsikia akipaza sauti, aliinua kichwa akauelekea ule mlango, akavuta pumzi mpaka chini, na kwa sauti ya uwanja wa gwaride iliyotikisa vioo vya madirisha akasema, "Namwambia nampenda, Mama!"

Jikoni kifuniko cha birika kilianguka sakafuni.

"Maji bado!" Mama akajibu. "Endelea!"